Machicha ya bibi

Kesho nina testi ya baiolojia, lakini akili yangu iko nyumbani Itiryo.

Bibi yangu akipika pombe ya ulezi alikuwa hamwagi machicha ya chini ya chungu. Aliyaweka yachachushe pombe inayofuata. Mimi msomi nikamwambia, "Bibi, huo si uchafu?" Akaninyamazia.

Sasa sikieni. Mwaka 2012 William Ratcliff na wenzake huko Minnesota, Marekani, walichapisha jaribio lao. Walikuza chachu ya aina ile ile ya pombe, kila siku wakabakiza zile zinazozama haraka, nyingine wakamwaga. Fizikia yake nyepesi tu: kishada huzama haraka kuliko seli moja. Ndani ya siku 60 hivi vikatokea vishada, maana seli mtoto haiachani tena na mama. Matawi yakibanana sana yanakatika, na kila kipande kinaanza kishada kipya, yaani kuzaa! Mwaka 2023 wakatangaza vishada vilivyokuwa mara 20,000 zaidi, vinaonekana kwa macho, ugumu wake kama mbao.

Kwa hiyo bibi aliwatangulia? Natamani niseme ndiyo. Ila chachu za wapika pombe zikizama pamoja, mara nyingi zimegandana tu, ndugu na mgeni, kama abiria wa basi la Tarime. Vishada vya Ratcliff ni familia moja, ndiyo maana vinaelekea kuwa mwili. Lakini kuchagua kilichozama, bwana, ni kule kule.

Bibi hayupo tena. Machicha yake hakuna aliyeyahifadhi, hata mimi.