Kicheko cha Lawino na Karo ya Chuo: Kumsoma Okot p'Bitek Kutoka Kasese na Bwera

Kejeli mashuhuri zaidi ya Uganda kuhusu msomi na mahangaiko yake ilichapishwa Nairobi mwaka 1966. Katika Song of Lawino, ambayo Paul Sozigwa aliifasiri kwa Kiswahili kama Wimbo wa Lawino, Okot p'Bitek alimpa mke asiyesoma kazi ya kumcheka mume aliyepitia Makerere. Ocol anatawaliwa na saa. Mtoto akilia, nyumba nzima huingia tufani. Lawino anauona ukumbi wa mumewe kuwa msitu wa vitabu, na kwa ukali usio na haya anadai kwamba vitabu hivyo vimewahasi vijana wa ukoo wake. Mtunzi mwenyewe alikuwa ameshapita Bristol, Aberystwyth na Oxford, ambako tasnifu yake ya uzamivu ilikuja kukataliwa mwaka 1970. Msitu huo, basi, aliujua kwa kutembea ndani yake.

Tukiusoma utenzi huu kutoka Kasese, uchungu wake hubadilika. Mwaka 1962 Wakonzo na Waamba walijitenga na baraza la Ufalme wa Toro, na miongoni mwa manung'uniko yao yalikuwamo ya elimu: nafasi chache za masomo, na watoto kufundishwa kwa Kitoro badala ya lugha ya nyumbani. Isaya Mukirane, kiongozi wa Rwenzururu, alikuwa mwalimu. Bondeni, reli iliyofika Kasese mwaka 1956 na shaba ya Kilembe zilileta kazi za mshahara, na mwenye cheti ndiye aliyepewa kalamu badala ya sururu. Watu waliopigania kuingizwa msituni wangecheka pamoja na Lawino, lakini si kwa moyo mmoja.

Aidha, Ocol alisomeshwa katika enzi ambayo serikali ndiyo iliyogharimia masomo ya Makerere. Enzi hiyo haikwisha kimya. Desemba 1990 wanafunzi wawili waliuawa kwa risasi chuoni hapo katika mgogoro wa kupunguzwa kwa posho, na kuanzia mwaka 1992 Makerere ikapokea wanafunzi wanaojilipia. Tangu hapo mzaha wa wanafunzi umehama: anayechekwa si tena bwana mkubwa aliyezama vitabuni, bali kijana anayeukaribia mtihani karo haijakamilika.

Hapo ndipo Bwera inapompa Lawino nafasi ambayo Okot hakumpa. Mama asiyesoma, mwenye kahawa mlimani au meza katika soko la mpakani Mpondwe, ndiye sasa anayemlipia Ocol. Haki yake ya kumcheka imeongezeka, maana kila kitabu anakijua kwa bei yake. Lakini msitu ukiungua, kinachoteketea ni mavuno yake mwenyewe.