Ubao Unesao na Kina cha Tanganyika

Mwaka 1927 meli ya Liemba, ambayo Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, na ambayo Waingereza waliiopoa mwaka 1924, ilianza tena safari zake kutoka Kigoma, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika. Na mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya Amsterdam, kijana wa Kimisri aitwaye Farid Simaika alisimama mbele ya waamuzi kushindania jambo ambalo watoto wa Ujiji na Kibirizi, kando ya ziwa hilo, hulifanya jua likipamba moto, bila ya kutaraji ijara, yaani kuchupa majini.

Simaika alikuwa stadi wa fani mbili: jukwaa la mita 10, na ubao unesao, ulio mita 3 juu ya maji, ulioingizwa katika Olimpiki ya London mwaka 1908. Jukwaa ni gumu, halimpi mtu kitu wala halimnyang'anyi. Ubao una tabia zake. Mchupaji huenda hatua chache za kupimwa, huruka, hutua nchani kwa miguu yote miwili, nao ukiisha kuinama humrusha juu. Lakini akitangulia au akichelewa kwa lahadha moja tu, ubao humnyima nguvu ile, naye huanguka majini kama gogo.

Ubaoni alipata nishani ya shaba. Kadhia ilizuka jukwaani. Jumla ya alama ilimpa ushindi, wimbo wa taifa lake ukapigwa, kisha ikabainika kuwa kanuni haikutazama jumla, bali yule aliyewekwa wa kwanza na waamuzi wengi. Na wanne kati ya watano walikuwa wamemtanguliza Mmarekani Pete Desjardins, aliyekuwa pia bingwa wa ubao. Simaika akabakiwa na fedha. Kanuni ile ilikuwa na hoja yake. Lakini kupiga wimbo kabla ya hesabu kuthibiti ni pupa isiyo na udhuru. Baadaye alihamia Marekani, akaingia katika jeshi lake la anga, akapotea vitani mwaka 1943.

Turudi Kigoma. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, nalo ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Basi asidhani mtu kwamba Kigoma imekosa mabingwa kwa uchache wa maji. Mchezo huu huridhika na bwawa la mita chache, ila hudai ubao, mwalimu wa kila siku, na waamuzi wenye elimu yake, ilhali vijana wa ziwani waamuzi wao ni hirimu zao walioketi mitumbwini, ambao hutuza ujasiri na kishindo, nacho kishindo ndicho waamuzi wa Olimpiki wakichukiacho kupita vyote. Ushahidi kwamba maji mengi si sharti ni Zimbabwe, nchi isiyo na pwani hata shubiri, iliyomtoa mchupaji Evan Stewart, aliyetwaa ubingwa wa dunia mjini Roma mwaka 1994, katika ubao wa mita 1, ambao Olimpiki haijaukubali kuwa fani ya peke yake hata leo.