Muhtasari wa Kikao cha Ukoo

Wakili kijana anayeajiriwa leo na kampuni kubwa ya uwakili, ghorofani Posta au Masaki, huambiwa anoe Kiingereza cha mikataba. Haambiwi apande daladala kwenda mahakama ya mwanzo Temeke. Kasoro hiyo ina historia. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 iliwazuia mawakili kusimama mahakama za mwanzo. Hakimu aliketi na washauri wake, shauri likaendeshwa kwa Kiswahili, mdai akajisemea mwenyewe. Nia ilikuwa njema, na siibezi: mwenye fedha asije na wakili huku jirani yake akisimama peke yake. Ila kwa karibu miaka 60 uwakili ulijikusanya mjini, jirani na Mahakama Kuu na mabenki, na wakazi wa Mbagala na Tandika wakaachiwa waandishi wa barua na vishoka.

Utauliza: wakili wa benki ana haja gani na ugomvi wa mirathi Mbagala? Anayo, tena kubwa. Nyumba inayowekwa rehani mara nyingi ni ya urithi, na msimamizi wa mirathi aliteuliwa na mahakama ya mwanzo. Au ilinunuliwa kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya mjumbe na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Tena Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani, na hapo ndipo hujitokeza mke ambaye hakuna aliyemuuliza. Mkataba wa kurasa arobaini, Kiingereza chake hakina doa, unaweza kuanguka kwa muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza msimamizi huyo, muhtasari ambao wakili hakuusoma, au aliusoma asijue nani hakuitwa.

Wapo watakaosema kijana hana muda, kwa kuwa kila saa yake humlipisha mteja. Ni kweli, lakini kesi ya rehani iliyopingwa hula miaka. Na kisingizio cha sheria kimepungua: tangu 2021 wakili anaruhusiwa mahakama ya mwanzo pale anapoketi hakimu mkazi, na mwaka huohuo Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Temeke nako kikafunguliwa Kituo Jumuishi cha mirathi na ndoa, ambamo mahakama ya mwanzo na Mahakama Kuu zimo ndani ya uzio mmoja.