Mdomo wa Mama Furu

Nilipokuwa darasa la tano niliua familia nzima. Usishtuke, ilikuwa familia ya furu.

Niliwavua sita kwenye mawe ya ziwani hapa Mwanza, nikawatia kwenye beseni moja uani. Mmoja kidevu kilimvimba na chakula hagusi. Nikadhani mgonjwa. Siku ya nne akatema vifaranga, vidogo kama punje za ulezi. Kulipokucha hakikubaki hata kimoja, na wale watano walikuwa wameshiba.

Babu alinicheka kwanza, kisha akanyamaza. "Mjukuu wangu," akasema, "yule ni mama. Mayai anayalea mdomoni. Wewe umemfungia chumba kimoja na wezi."

Kumbe hata ziwani wezi walikuwepo tangu zamani! Ziko aina za furu zinazoishi kwa kula mayai na watoto wa furu wenzao, nyingine humbana mama mdomo mpaka ateme. Lakini ziwa lina mawe, majani na kina. Mama hukaa wiki mbili tatu na mzigo wake, huwatoa watoto penye maji machache, na hatari ikija huwarudisha mdomoni. Mayai yake ni machache, lakini yana mlinzi. Kwa ulinzi huo Ziwa Victoria lilijaa mamia ya aina za furu.

Halafu akaja sangara. Alipandikizwa upande wa Uganda miaka ya 1950 na 1960, ili ziwa litoe samaki wakubwa wa hela. Sangara jike hutaga mayai mamilioni, hayalei hata moja. Naye hana haja ya kumlazimisha mama ateme: anammeza mama pamoja na watoto wake.

Mwaka 1977 wataalamu wa Kiholanzi kutoka Leiden walianza kuwachunguza furu hapa Mwanza. Wakati huo meli za kukokota nyavu zilikuwa zikiwazoa furu kwenda kiwandani, wakasagwe kuwa chakula cha mifugo. Wataalamu hao walihesabu zaidi ya aina 120 katika Ghuba ya Mwanza. Sangara walipofurika katikati ya miaka ya 1980, aina kama 80 hazikuonekana tena nyavuni.

Baadhi ya furu walikuwa wameshapelekwa kwenye matangi ya kioo, Ulaya na Marekani. Huko mama mwenye mayai huhamishiwa tangi lake peke yake mpaka ateme, ndipo watoto watengwe wakue. Kazi ndogo tu, ambayo mimi sikuijua. Haplochromis perrieri, mwenyeji wa ziwa letu, amebaki akilelewa hivyo ugenini.

Hata hivyo ziwa halikufa lote. Sangara walipovuliwa sana miaka ya 1990, minofu ikisafirishwa nje, baadhi ya furu walirudi. Wale wa kwenye mawe hawakuisha. Lakini kokoro linalokokotwa ufukweni bado linapita palepale ambapo mama huwatema watoto.

Juzi nilimkuta mtoto kwenye mawe yaleyale, ndoo mkononi. Nilichungulia. Mmoja kidevu kilikuwa kimevimba.

"Huyo mrudishe, mdogo wangu."

"Mgonjwa, kaka?"

"Hapana. Ana watoto."

Alinitazama kama mwehu, lakini akammwaga majini.