Mkanda wa Picha Nyanda za Juu Kusini: Bei Iliyopangwa Mbali

Kufikia Januari 1980, ndugu wawili wa Texas waliotajirika kwa mafuta, Nelson Bunker Hunt na William Herbert Hunt, walikuwa wamelimbikiza madini ya fedha kwa wingi kiasi kwamba wakia moja, iliyouzwa dola 6 hivi mwanzoni mwa 1979, ilikaribia dola 50. Machi bei ikaporomoka, nao wakaanguka nayo. Lakini Kodak walikuwa wameshapandisha bei ya mikanda yao, maana mkanda wa picha, ukiacha boksi la njano na matangazo, ni plastiki iliyopakwa jelatini yenye chumvi za fedha. Fundi picha wa Mbeya au Iringa hakuwa na habari na akina Hunt. Alichojua ni kwamba mkanda umepanda tena, kama upo.

Na mara nyingi haukuwepo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Februari ya mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Njia ya bidhaa za Ulaya zilizozoea kupitia kwa mawakala wa Nairobi ikazibika. Ikafuata vita ya Kagera, kisha mafuta yakapanda bei duniani, na Benki Kuu ikabaki na fedha za kigeni kiduchu za kugawa kwa dawa za hospitali, vipuri na petroli. Kwenye foleni hiyo mkanda wa picha ulikuwa wapi? Nyuma ya sabuni, na sabuni yenyewe haikuonekana. Maduka ya kampuni za biashara za mikoa, RTC Mbeya na RTC Iringa, yalipopokea mzigo, watu walikimbilia sukari na khanga. Mwaka 1983 serikali ilipoanza kuwasaka wahujumu uchumi, hata mwenye studio aliyejiwekea akiba ya makaratasi na mikanda chini ya kaunta alikuwa na sababu ya kulala macho.

Ajabu ni kwamba nyanda hizi zilipigwa picha mapema sana, tena bila ubahili. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani, alizunguka Uhehe, Konde na pwani za Ziwa Nyasa mwishoni mwa karne ya 19, na kitabu chake cha mwaka 1906 kimejaa picha za watu na nyumba zao. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na picha zao zimetunzwa mpaka leo katika hifadhi ya kanisa hilo huko Herrnhut, Ujerumani. Hao walikuwa na vioo vizito vilivyobebwa na wapagazi, na gharama ililipwa na jeshi au na waumini wa Ulaya. Juni 19, 1954, Gavana Edward Twining alipofika Kalenga kumkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa fuvu la babu yake lililorudishwa kutoka Bremen, kamera zilikuwepo pia, na mlipaji hakuwa mwanakijiji wa Kalenga. Matokeo yake ni kioja: picha ya mkulima wa Rungwe ya wakati wa Mjerumani unaweza kuikuta ina namba na maelezo, ya mjukuu wake aliyemaliza darasa la saba mwaka 1982 huikuti popote.

Picha ya kujilipia mwenyewe ilikuja na miji. Mbeya ilikua kwa dhahabu ya Lupa kule Chunya, na penye dhahabu hapakosi duka, hoteli na, baadaye, studio. Vijana wa Rungwe waliokwenda migodi ya Afrika Kusini kupitia Wenela, shirika la kuajiri wachimbaji, au migodi ya shaba ya Zambia, walituma picha ndani ya barua, na nyumbani wakatarajiwa kujibu kwa picha. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki kazi hii ilianzishwa na Wahindi na Wagoa, kama Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930. Wenyeji wakaingia kama vijana wa kufagia na kukoroga dawa, wakatoka mafundi.

Kazi ya fundi ilikuwa chumba cha giza. Divelopa ya picha nyeusi na nyeupe hutaka nyuzi joto 20. Dar es Salaam maji ya bomba yanazidi hapo, na fundi hutafuta barafu. Mbeya, mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, shida inageuka: asubuhi ya Julai maji ya ndoo yanauma vidole, na chini ya nyuzi 13 haidrokwinoni, mojawapo ya dawa zilizomo, karibu inalala usingizi. Basi sinia la divelopa linawekwa ndani ya karai la maji ya moto, na jiko la mkaa linakaa nje ya mlango, kwa sababu kaa jekundu likionekana ndani mkanda umeungua. Harufu ya siki ya kuzimishia divelopa inaganda kwenye sweta hadi Jumapili kanisani.

Hapo ndipo bei ilipoonekana kwa macho. Mkanda wa milimita 35 una picha 36, ila fundi mjanja aliuingiza kwenye kamera gizani asipoteze ule mwanzo, akapata 38. Mwenye kamera ya nusu fremu, mfano Olympus Pen, alipata 72. Aliyebahatika na kopo la mita 30 alilikata mwenyewe vipande 18 hivi, akavisokota kwenye vigamba vya zamani. Mteja wa haraka akija na mkanda haujaisha, kisu kiliingia kazini: kipande kilichopigwa kinakatwa gizani na kusafishwa, kilichobaki kinarudi kwenye kamera. Asiye na haraka aliambiwa arudi baada ya wiki mbili, yaani baada ya harusi ya watu wengine kumaliza mkanda.

Mtu hakupigwa mara mbili. Ukifumba macho, ni yako. Nadhani ndiyo maana wazee wetu wamesimama vile kwenye picha, mikono imebana mapajani, shingo imekakamaa kama mbele ya mkuu wa mkoa. Wengi hudai ni ushamba au kuiogopa kamera. Mimi naona hesabu. Aliyelipa ghali kwa fremu moja hachezi nayo.

Ushahidi mwingine umo kwenye albamu za nyumbani. Chukua picha nyeusi na nyeupe ya miaka hiyo uitazame kingoni: ikiwa ina madoa ya kahawia, au weupe umegeuka njano, aghalabu ni fiksa iliyochoka, iliyotumika kwa makaratasi mengi kuliko uwezo wake, au picha haikusuuzwa vya kutosha. Dawa mpya ilikuwa ghali, fundi akaivuta siku. Picha ya mwaka 1960 iliyosuuzwa vizuri inaweza kung'aa kuliko ya mwaka 1984 iliyo pembeni yake.

Kisha ikaja ruksa. Chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi biashara ilifunguliwa, na baada ya makubaliano na IMF mwaka 1986 bidhaa zikarudi madukani, za Fuji, Konica na Kodak, kwa rangi. Shilingi ndiyo iliyolipa. Mwanzoni mwa 1986 dola ilikuwa chini ya shilingi 20, na kufikia 1995 ilikuwa imepita 500. Mkanda ulipatikana kila kona, na kila mwezi ulikuwa na bei yake.

Rangi pia ilimnyang'anya fundi chumba cha giza. Divelopa ya rangi hutaka nyuzi 37.8, na kosa la nusu nyuzi linabadili sura ya mtu. Jiko la mkaa halina adabu hiyo. Kazi ikahamia kwenye mashine, kwanza za Dar es Salaam, kilomita 500 kutoka Iringa na zaidi ya 800 kutoka Mbeya. Mikanda ikapanda basi. Mashine zilipofika mikoani, fundi wa kale akawa mpiga picha wa mtaani: Mwanjelwa siku ya sokoni, kwenye jiwe la Gangilonga siku ya sikukuu, Tosamaganga au Loleza siku ya mahafali. Aliyeilipa studio hasa hakuwa bwana harusi. Alikuwa mwenye kutaka pasipoti saizi nne za fomu. Hizo ndogo ndizo zilizonunua mkanda na karatasi, kipaimara na harusi vikawa faida.

Kamera za dijiti zilipoingia, wenye viwanda walianguka kabla ya wenye studio. AgfaPhoto ilifilisika mwaka 2005, Konica Minolta ikaachana na biashara ya picha mwaka 2006, na Kodak ikaomba kinga ya kufilisika Januari 2012. Studio zetu ziliendelea kwa sababu ya fomu. Kisha NIDA, wenye vitambulisho vya taifa, wakaanza kupiga picha wenyewe, na Februari 2015 Tume ya Uchaguzi ikazindua uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za BVR pale Makambako, njia panda ya Iringa, Mbeya na Songea, kamera ikiwa juu ya meza ya mwandikishaji. Pasipoti saizi iliyobaki inatolewa stesheneri, penye fotokopi na vocha.

Ulaya na Marekani vijana wameurudia mkanda, na Kodak imelazimika kuajiri upya kiwandani Rochester. Mkanda wa kawaida wa rangi unauzwa huko karibu dola 10, yaani shilingi 25,000 hivi, bila nauli, bila ushuru, na bado haujasafishwa. Madini ya fedha nayo yamerudia ulevi wake: mwaka 2025 wakia ilivuka dola 50. Kijana wa Uyole anayetaka kujaribu kamera ya babu yake anaingia kwenye hesabu ileile, safari hii bila RTC ya kulaumu.

Mimi ningeiacha mikanda mipya na kugombania ile iliyokwisha kupigwa. Studio ikifungwa, mabati ya negativu huwa mali ya kwanza kutupwa, kwa kuwa hayauziki na yanajaza stoo. Plastiki ya asetati huoza kwa joto na unyevu, ikanuka siki na kujikunja, na jambo hilo linaitesa zaidi pwani. Iringa na baridi yake ni mahali pazuri pa kuihifadhi, mradi iwe kwenye bahasha za karatasi, isilale kwenye mifuko ya nailoni wala chini ya bati linalovuja. Boma la Mjerumani pale mjini limekuwa makumbusho tangu 2016. Mwenye studio mwenye bati la aina hiyo, na jina la mteja na tarehe vikiwa bado vinasomeka kwenye bahasha, aanze kuulizia hapo kabla watoto hawajafagia stoo.