Historia ya Vipimo Vilivyopanda Angani kwa Puto

Aprili 15, 1875, Wafaransa watatu walipaa kwa puto liitwalo Zénith wakachunguze hewa ya juu. Walipita mita 8,000. Puto lilipotua, Crocé-Spinelli na Sivel walikuwa wamekwisha kufa. Gaston Tissandier peke yake alinusurika.

Baadaye Gustave Hermite na Georges Besançon wakaona heri vyombo vipande bila watu, na Machi 1893 puto lao lisilo na mtu lilifika takriban kilomita 16. Chombo chenyewe kilichora mstari wa joto na wa kanieneo. Kikianguka mbali, elimu yote ilikuwa mikononi mwa atakayekiokota, kama atakirudisha au atakitupa.

Huko Trappes, karibu na Paris, Léon Teisserenc de Bort alirusha maputo mamia. Kila mara vipimo vilimwambia jambo lile lile: kuanzia kilomita 11 hivi, baridi haizidi tena. Alishuku kwamba jua ndilo linalopasha kipimajoto, basi akarusha usiku. Jibu halikubadilika. Aprili 1902 akaitangaza tabaka tunayoiita leo stratosfia. Siku chache tu baadaye Richard Assmann wa Ujerumani alitangaza hayo hayo. Yeye alitumia puto la mpira, ambalo hutanuka kadiri linavyopanda hadi likapasuka. Mwendo wake haulegei, na upepo hupita kwenye kipimajoto wakati wote.

Sasa tufike kwetu. Mwaka 1908 Arthur Berson, aliyewahi kupaa yeye mwenyewe hadi mita 10,800 pamoja na Reinhard Süring, alikuja Afrika Mashariki na mwenzake Hermann Elias. Walirusha maputo yao katika Ziwa Victoria. Waliyoyaona yaliwapindua wataalamu wa Ulaya: hewa ya juu ya ikweta ina baridi kali kuliko ya kwao, kwa kuwa hapa joto huendelea kushuka hadi juu zaidi kabla ya kufika stratosfia. Tena, tangu mlima Krakatau ulipolipuka mwaka 1883 na majivu yake kupeperushwa kuelekea magharibi, iliaminiwa kwamba pepo za juu ya ikweta hutoka mashariki. Berson akakuta upepo wa magharibi. Fumbo hilo lilifumbuliwa miaka ya 1960, ilipodhihirika kwamba pepo hizo hupokezana kwa mzunguko wa miezi 28 hivi. Ugunduzi mkubwa namna hii ulianzia ziwani kwetu, na unastahili kusomeshwa shuleni kwetu.

Januari 7, 1929, Robert Bureau alirusha huko Trappes chombo chenye redio, kikatuma vipimo kingali angani. Tangu hapo hapakuwa na haja ya kungoja muokotaji.

Nairobi, katika kituo cha Dagoretti, tangu miaka ya 1990 puto hubeba pia kipima ozoni: pampu ndogo huvuta hewa na kuipitisha kwenye maji ya dawa, na umeme unaozalishwa humo hupima ozoni. Takwimu hizo hutumika kusahihisha setilaiti. Vituo vya namna hii barani Afrika ni vichache mno. Serikali zetu zisikatize fedha za gesi na maputo, maana siku isiyopimwa haipimiki tena.