Mlengwa wa TASAF Ajiandae Vipi Lalamiko Lake Linaposikilizwa kwa Simu

Kwa kaya iliyoko kisiwani Bumbire au Goziba, wilayani Muleba, kumfuata mratibu wa TASAF makao makuu ya halmashauri ni safari ya chombo cha majini na nauli. Simu hupunguza gharama hiyo. Hata hivyo, msikilizaji haoni kadi wala nyaraka. Anategemea maelezo pekee.

Mlengwa wa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini aweke karibu kadi yake ya mlengwa na kitambulisho. Ruzuku hulipwa kila baada ya miezi miwili, hivyo ataje dirisha la malipo analolalamikia, kiasi alichopokea na alichotarajia. Kusema tu “sijalipwa siku nyingi” kunamwachia mratibu kazi ya kubahatisha. Endapo ruzuku ilipunguzwa kwa sababu ya mahudhurio, ambayo kwa shule hayapaswi kuwa chini ya asilimia 80, mwalimu mkuu aombwe mapema kuthibitisha daftari; kwa mtoto mdogo, kadi ya kliniki iwe mkononi.

Wazee wengi wa Bukoba na Muleba hujieleza vizuri zaidi kwa Kihaya. Si aibu. Aketi nao mtu wanayemwamini awatafsirie, bila kuwasemea.

Mlengwa aandike jina na cheo cha aliyemsikiliza, tarehe, na hatua iliyoahidiwa. Akiulizwa namba ya siri ya akaunti yake ya simu, akate mara moja. Jibu lisipopatikana, apeleke kumbukumbu hizo kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji.